Simu Hufunguliwa Alhamisi

Shelui, 6 Februari 2006

Mwanangu Elisha,

Pokea salamu za watu wote wa huku, wanaokukumbuka na wanaojifanya kukukumbuka. Mimi shangazi yako ni mzima, ila goti la kushoto limeanza kunipangia safari. Mama yako nilimwona Krismasi kule Mgori. Mvua imewadanganya, alizeti ya kwanza ilikauka ikiwa na kimo cha kidole, wamepanda tena. Nyuki nao wamehama mizinga miwili. Yeye mwenyewe yuko imara, na kila apitaye anamuuliza kama huko Pune ya India ni mbali kuliko Dar. Nimemwambia ni mbali kidogo.

Sasa la maana. Yule daktari wa misheni aliyestaafu, kabla ya kurudi kwao, alituachia sisi watu wa ushirika kompyuta yake. Nimeiweka kwenye chumba cha ushirika wa vitunguu, kile cha zamani kilichobaki na waya wa simu ukutani. Nikitoka kufundisha shuleni ninakwenda pale kufundisha wasichana saba waliomaliza shule wakaishia kuuza chai kwa madereva wa malori. Barua wanachapa tayari. Jesca anatumia vidole vyote kumi, mimi mwalimu wake bado natumia viwili.

Haina Windows. Ina ile inayoitwa Linux, ambayo daktari alinieleza kuwa ni ya kila mtu, na ukitaka kuifungua uone imeshonwaje hakuna wa kukuzuia. Nikaipenda kwa hilo tu. Tatizo ni mtandao. Ndani kuna modemu, kile kidude cha kupiga simu, ambacho daktari hakuwahi kukitumia. Tukiiambia ipige, kompyuta inajibu kuwa haioni modemu yoyote. Tundu lake nimeliona kwa macho yangu mwenyewe nyuma ya boksi, kwa hiyo inasema uongo.

Bwana Gasto, mwenyekiti wa kamati ya ushirika, ametangaza mbele ya watu kwamba kompyuta isiyo na mtandao ni televisheni isiyo na picha. Ametupa mpaka tarehe thelathini Septemba. Ikifika siku hiyo hatujaingia mtandaoni, mashine inakwenda Kiomboi, kwenye ofisi anakofanya kazi shemeji yake, na chumba kinakuwa stoo ya magunia. Wasichana warudi kwenye chai. Nilimjibu kwamba Septemba ni mbali, asihangaike kutafuta gari mapema.

Wewe uko mwaka wa tatu wa mambo hayohayo. Ukoo mzima ulikusindikiza mpaka stendi ya Singida. Niambie la kufanya. Usinipigie simu, simu inakula maneno, na mimi nataka kitu cha kusoma mara mbili mbele ya mashine.

Ni mimi shangazi yako, nikiwa nimekaa mkao wa kusubiri,
Rahabu


Pune, 9 Machi 2006

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na harufu ya vitunguu, sijui ni mawazo yangu. Mimi sijambo. Joto la huku limeanza na linapiga kuliko la Oktoba ya Singida. Ugali napika mwenyewe. Wenzangu chumbani wanautazama kama sementi, lakini juzi mmoja aliomba kuonja. Masomo yanaendelea. Nisalimie mama, mwambie nakula.

Mashine yako haisemi uongo, shangazi. Modemu nyingi za ndani ni nusu modemu. Waliozitengeneza walipunguza vyuma, kazi iliyobaki wakaiachia programu, ndiyo tunaiita draiva, na draiva hiyo wakaiandika kwa ajili ya Windows tu. Ukiwa na Linux, kidude kipo lakini ni kama redio isiyo na betri.

Njia fupi ni kumpata mtu wa Singida mjini akuwekee Windows. Wanazo za kuchoma, yaani nakala zisizolipiwa, ni kazi ya nusu siku, na Bwana Gasto atakosa la kusema.

Njia ndefu ni hii. Zima umeme, fungua boksi, tafuta kile kikadi chenye tundu la waya wa simu, nakili namba iliyo juu ya chipu yake kubwa. Kisha washa, ingia kwenye ule ukurasa mweusi wa maandishi, chapa lspci, halafu chapa uname -r. Ya kwanza itataja vidude vilivyomo, ya pili itataja toleo la kiini cha Linux yako. Nakili kila kitakachotokea kama kilivyo. Usirekebishe chochote, hata ukiona kosa.

Nakushauri njia fupi, shangazi. Njia ndefu inachosha hata sisi wa huku.

Mwanao anayekuombea subira,
Elisha


Shelui, 2 Aprili 2006

Elisha mwanangu,

Marahaba. Tumeshukuru kusikia unakula. Mama yako nilimtumia habari kwa dereva wa basi, naye akarudisha swali kwa dereva yuleyule: mtihani wa Desemba ulikwendaje? Hilo la ugali limemfurahisha, lakini la mtihani hukuligusa. Ligusie.

Kwetu mvua imerudi. Barabara ya Nzega ilikatika siku mbili, malori yakajipanga mpaka nje ya mji, chai ikauzwa mpaka sukari ikaisha madukani.

Windows ya kuchoma sitaki. Mwaka wa ishirini na sita huu nasimama mbele ya darasa nikiwanyang'anya watoto karatasi za kunakilia majibu. Leo niwaambie wasichana wangu, hii mashine yetu imeingia mjini kwa mlango wa nyuma? Gasto angekuwa wa kwanza kulisema siku tukikosana, na angekuwa na haki. Sitampa haki hiyo. Twende hiyo ndefu.

Boksi tumelifungua kwa bisibisi ya Clement, fundi redio. Alitaka kulifungua yeye, nikamwambia asimame pembeni, hapa ni darasani. Ndani kulikuwa na vumbi na buibui aliyekuwa na familia. Tulipangusa kwa unyoya wa kuku. Namba ya chipu imesomwa na watu watatu kwa zamu, na wote watatu wameandika kitu kimoja, iko ukurasa wa pili. Yale maneno ya kwenye kioo Jesca alinitajia, mimi nikaandika. Yamejaza kurasa nne za daftari la mraba. Kuna sehemu mashine imeandika upuuzi mtupu na mkono wangu ulikuwa unawasha kuutia wino mwekundu, nikajizuia kwa sababu yako.

Watani zangu Wanyiramba wa hapa wananicheka. Wanasema Mnyaturu amekaa chini kuandikiana barua na chuma. Wacheke.

Aliyefuata njia ndefu kwa hiari yake,
Shangazi Rahabu


Pune, 20 Mei 2006

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Wiki zimepita na sikukujibu. Kulikuwa na mambo mengi. Natumaini goti limetulia, na kwamba alizeti ya mama imepona.

Kurasa zako nne nimeziweka ukutani. Hakuna hata mtu mmoja huku aliyewahi kuniletea taarifa safi namna hiyo. Modemu yako naijua sasa. Wapo watu waliokaa wakaiandikia draiva ya Linux bila kulipwa. Nimeiweka kwenye sidii iliyomo humu. Imekuja ikiwa mbichi, yaani imeandikwa lakini haijapikwa. Inabidi uipikie hapohapo kwenye mashine yako, kwa sababu lazima ilingane na toleo la kiini chako, ukizidisha au kupunguza namba moja tu inagoma. Maelekezo ni kurasa mbili, yafuate kwa mpangilio.

Shangazi, naomba niseme neno moja usinikasirikie. Jambo likishindikana, limeshindikana. Umefanya zaidi ya wengi. Hata kompyuta ikienda Kiomboi, hakuna atakayesema hukujaribu. Mtu anaweza kushindwa kitu na bado akawa mtu.

Wasalimie wasichana.

Mwanao,
Elisha


Shelui, 25 Juni 2006

Elisha,

Sisi ni wazima. Vitunguu vimekubali mwaka huu. Mama yako amevuna alizeti kidogo, na nyuki wamerudi kwenye mzinga mmoja. Anauliza tena habari ya mtihani. Hii ni mara ya pili.

Sidii imefika salama. Kisanduku cha kuingizia sidii kiligoma kufunguka mpaka Jesca alipokipiga kofi ubavuni. Sasa ndivyo tunavyokifungua, na kila msichana anajua ni ubavu upi. Maelekezo yako tumeyafuata mstari kwa mstari, tukisimama ulipotuambia tusimame. Hatua ya nne mashine imesema haina programu ya kupikia draiva. Daktari hakuiweka. Nimetafuta kwenye sidii zake zote, haimo. Kitabu kilichokuja nayo kinanishauri niichukue kwenye mtandao. Nilikisoma kifungu hicho kwa sauti mbele ya darasa. Nahitaji mtandao ili nipate kitu cha kunipatia mtandao! Scholastika alicheka mpaka akakaa sakafuni, na mimi nilicheka kwanza, halafu nikakasirika kwelikweli. Ukituona watu wa Shelui tumechelewa, usidhani tumelala. Kuna milango ambayo ufunguo wake umefungiwa ndani.

Sasa nijibu neno lako. Umeniambia nikishindwa bado ni mtu. Nani alikuambia nina wasiwasi na utu wangu? Wasiwasi wangu ni wasichana saba na chumba kimoja. Bwana Gasto ndiye anayesema hayo maneno ya kupoza, tena kwa sauti ya upole kama yako. Sikukutuma huko ujifunze kusema kama Gasto.

Jambo jingine. Bahasha yako safari hii ina mhuri wa duka la kutengeneza kompyuta, siyo anwani ya hosteli. Umehama?

Shangazi yako, na bado ni tarehe ishirini na tano Juni tu,
Rahabu


Pune, 22 Julai 2006

Shangazi,

Shikamoo. Nimekubali kugombezwa, nilistahili.

Nimefanya hivi. Nimetafuta Linux ileile ya kwako, toleo lilelile mpaka namba ya mwisho uliyoninakilia, nikaiweka kwenye mashine mbovu iliyokuwa imetupwa kona. Imenichukua siku sita. Halafu nikaipika draiva humo. Kwa hiyo unayopokea imeshaiva. Nimeiweka kwenye sidii mbili, moja ikivunjika njiani iwepo nyingine. Hatua ni tatu tu, zimeandikwa kwenye karatasi ya njano. Ukimaliza, iambie ipige. Ikisema neno lolote, hata moja, niandikie.

Ndiyo, nimehama hosteli. Duka hilo ni la mzee mmoja mwema. Ninamsaidia.

Kwa mama sema mimi ni mzima.

Elisha


Shelui, 17 Agosti 2006

Mwanangu,

Salamu za hapa ni za furaha, kwa hiyo nazifupisha. Imeona modemu! Tulipomaliza hatua ya tatu mashine iliitaja kwa jina lake, na tulipoiambia ipige, ndani ya boksi kulisikika mlio mdogo kama mtu anayesafisha koo. Wasichana walipiga vigelegele mpaka madereva wakaja dirishani kuuliza nani anaolewa. Sidii zote mbili zilifika nzima, ya pili nimempa Clement aitunze, maana sasa anasimama pembeni bila kuambiwa.

Baada ya kusafisha koo, inaandika hivi: NO DIALTONE. Kila mara. Tumejaribu asubuhi, mchana na jioni, Jumatatu mpaka Jumatano, wiki mbili mfululizo. Alhamisi hatujaribu kwa sababu ndiyo siku ya simu na chumba kinajaa watu wa ushirika. Waya nimeuchomeka mwenyewe kwenye tundu la pili la ukutani. Nimebadilisha waya, nimepangusa tundu, Clement amekagua kila kiungo. Hakuna panya aliyeula. Neno ni lilelile.

Gasto alikuja juzi na utepe wa kupimia. Akapima meza. Nikamuuliza kama anashona sanda ya meza, akasema anataka kujua kama itaenea kwenye gari. Nimemwambia apime na mlango, kwa sababu mimi nitakuwa nimesimama hapo.

Zimebaki wiki sita. Barua yako ikichelewa kama ile ya Mei, tumekwisha. Andika siku uipokeapo hii.

Na Elisha, mtoto wa marehemu kaka yangu, mwaka huu nimekuuliza jambo moja mara tatu kwa niaba ya mama yako. Umenijibu habari za modemu kwa ukweli mtupu, za kwako unazifunika. Unanichukulia mimi ni mzee wa kufichwa?

Rahabu


Pune, 8 Septemba 2006

Shangazi,

Shikamoo. Barua imefika leo saa nne, naijibu leo saa nne na nusu, mzee wa duka ameniruhusu.

Draiva yako ni nzima. Modemu yako ni nzima. NO DIALTONE maana yake imenyanyua simu ikakuta kimya, hakuna ule mlio wa laini. Niliposoma kwamba Alhamisi ni siku ya simu, nilicheka peke yangu mpaka wateja wakageuka. Shangazi, sanduku la mzee Calist!

Unakumbuka nikiwa darasa la tatu ulinipeleka pale tukampigie baba akiwa Tabora? Simu ilikuwa kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, na mzee Calist wa ushirika alikuwa akija Alhamisi na ufunguo. Mimi nilikuwa mfupi, macho yangu yalikuwa sawa na sanduku. Kabla hajakupa mkono wa simu, aliingiza kidole nyuma akabonyeza swichi nyeusi. Mlipomaliza akaibonyeza tena. Alikata laini nzima, siyo mkono wa simu tu, ili mtu asije akaunga waya kwingine akapiga bila ruhusa. Tundu lako la pili limekufa siku sita za wiki. Mnajaribu siku ambazo limekufa, mnairuka ile moja ambayo lingekuwa hai. Mwambie afungue sanduku, abonyeze swichi, aiache hivyo. Basi.

Ukurasa huu wa pili usome peke yako.

Mtihani wa mwaka juzi nilishindwa masomo mawili. Nikarudia, nikashindwa tena. Tangu Novemba iliyopita mimi si mwanafunzi. Nilipokuandikia Machi kwamba masomo yanaendelea, nilikuwa nimelala kwenye chumba cha rafiki na sijui pa kwenda. Huyu mzee alinichukua nimfagilie duka. Sasa natengeneza mashine. Naipenda kazi hii, shangazi, na naijua, lakini si kitu ambacho ukoo ulinisindikizia stendi. Sirudi. Siwezi kushuka kwenye basi lile nikawakuta wamesimama palepale waliponiacha. Nakuomba kitu kimoja tu, usimwambie mama.

Anwani yangu ya barua pepe nimeiandika nyuma ya bahasha. Mkifanikiwa, jaribuni hiyo.

Elisha


Shelui, 3 Oktoba 2006

Elisha,

Ukurasa wa pili nimeusoma. Nitaujibu nikitulia. Leo sijatulia.

Barua yako ilifika Ijumaa tarehe ishirini na tisa, saa nane mchana. Alhamisi ilikuwa imepita jana yake. Mzee Calist alikuwa amekwenda msibani Kinampanda, ufunguo uko shingoni mwake. Kesho yake ndiyo thelathini. Nikamtuma Jesca kwa Clement alete nyundo. Clement aliniuliza, mwalimu, kufuli la ushirika? Nikamwambia kazi yake ni kuleta nyundo, kufuli ni kazi yangu. Nilipiga mara tatu. Tangu niwe mwalimu sijawahi kuvunja kitu cha umma, na nataka ujue kwamba nilisikia raha.

Swichi ilikuwepo, nyeusi, palepale uliposema. Nikabonyeza.

Mashine ilipiga simu, ikasikika ikilia na kukoroma na kupiga miluzi, halafu kimya, halafu ukurasa ukaanza kushuka polepole kutoka juu, mstari mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa saa kumi kasorobo. Wasichana hawakupiga vigelegele safari hii. Walishikana mikono tu. Emiliana, mdogo kuliko wote, aliuliza kama wale wa upande wa pili nao wanatuona. Mtandao ukakatika, tukapiga tena, ukaingia tena. Nilikuwa nalia, sina sababu ya kukuficha.

Jumamosi asubuhi Gasto akaja na gari na vijana wawili. Nikamwonyesha. Alitazama ukurasa unavyoshuka, akasoma mpaka chini, akasema ni kazi nzuri sana ila orodha ya vitu vya kwenda Kiomboi imeshasainiwa. Na tena, kufuli limevunjwa, kwa hiyo kamati haiwezi kuacha mali mikononi mwa mtu anayevunja makufuli. Nilisimama mlangoni kama nilivyoahidi. Nilisimama karibu saa moja na nusu, na wasichana saba nyuma yangu. Mwishowe walileta mtendaji na karatasi. Wakaibeba.

Sasa natazama alama ya vumbi juu ya meza. Wasichana nimewaambia darasa linaendelea. Wanachapa kwenye ubao nilioutengenezea vitufe vya karatasi. Jana Gasto alipita akatuchungulia akitabasamu. Nikamwambia Scholastika aandike neno "hatujashindwa" kwa sauti, herufi kwa herufi, na yule bwana akalisikia lote.

Sijashindwa. Andika hilo mahali.

Rahabu


Shelui, 24 Oktoba 2006

Mwanangu Elisha,

Salamu hizi zinakujia bila stempu, kwa ile anwani ya nyuma ya bahasha. Barua anaichapa Jesca, mimi natamka, maana vidole vyangu viwili vingetufikisha Krismasi. Goti langu limepona lenyewe. Mvua za vuli hazijaanza. Mama yako ni mzima, na nitakueleza nimejuaje.

Mashine imerudi.

Ilikaa Kiomboi wiki mbili na siku tatu. Walipoiwasha iliwaletea ukurasa mweusi ikawauliza jina na neno la siri. Wakaandika jina la bosi. Ikakataa. Wakaandika cheo chake. Ikakataa. Wakamleta fundi na Windows yake ya kuchoma, kisanduku cha sidii kikagoma kufunguka, akakibembeleza kwa kisu mpaka akachoka, akatoa hukumu kwamba kompyuta imekufa. Shemeji yake Gasto akasema hataki takataka ofisini. Jumanne iliyopita gari lilelile likasimama mlangoni mwa darasa. Gasto hakushuka kwanza, alishusha kioo, akaniuliza neno la siri ni nini. Nikamwambia linajulikana na wasichana saba, akae darasani kama wao alipate. Akashuka na karatasi. Imeandikwa: kompyuta moja, mbovu, haifai kwa matumizi, anakabidhiwa Mwalimu Rahabu na haitadaiwa tena. Nikamwomba asaini pande zote mbili. Akasaini haraka kama mtu anayekwepa mzigo.

Alipoondoka, Emiliana aliipiga kofi ubavuni, ikafunguka. Mzee Calist alikuwepo. Alininunia kwa ajili ya kufuli lake mpaka siku hiyo. Aliposikia modemu inalia alivua kofia, na sasa swichi ameifunga kwa gundi ili isizimike tena.

Haya, ukurasa wako wa pili. Uliniomba nisimwambie mama yako. Nimemwambia. Nilipanda basi mpaka Mgori Jumapili, nikamwambia uso kwa uso, na siombi radhi. Mwaka mzima unamwacha anauliza madereva, wewe uko kwenye duka unafanya kazi ambayo hapa kwetu hakuna hata mmoja anayeijua! Aliyeipa Shelui mtandao ni nani, chuo? Nilikukasirikia mpaka nikakosa usingizi, halafu nikakumbuka siku zako sita na ile mashine ya kwenye kona, hasira ikaisha nusu. Nusu nyingine nakutunzia, uje uichukue mwenyewe.

 Mama yako Theresia aliendelea kupepeta alizeti mpaka ungo ukaisha. Kisha akaniuliza kama una blanketi. Jana akapanda basi akaja nami, na sasa amekaa hapa kwenye benchi kati ya Jesca na Scholastika. Amevaa kitenge cha kanisani. Nimemwambia unaweza kusoma maneno yake leoleo, hakuamini, lakini amekubali kuyasema. Haya ni yake, Jesca hajaongeza wala kupunguza:

"Elisha. Ni mama. Shangazi yako amenieleza. Nimeona hiki chuma kilivyorudi, wamekiandikia karatasi kwamba hakifai, na wenyewe tumekipokea na kinafanya kazi. Sasa wewe unaogopa nani hapo stendi? Nitakuja kukupokea peke yangu. Sema siku tu."

Tumekaa. Tunasubiri jibu lako, wote tisa, na laini iko wazi.